Mavazi ya Halloween Yasiyokomba Mfuko

Kuanzia Septemba maduka makubwa ya Marekani hujaa maboga ya plastiki, mifupa ya kuning'iniza mlangoni na mavazi ya watoto yaliyokunjwa ndani ya mifuko, kila mfuko ukiwa na picha ya mtoto anayecheka. Vazi moja la namna hiyo mara nyingi ni dola 20 hadi 40, na la mtu mzima hupita hapo. Familia ya Kikongo yenye watoto watano kule Lexington, Kentucky, au ya Kikenya kule Minneapolis, ikifuata zile picha itateketeza hela ya chakula cha wiki nzima kwa ajili ya jioni moja ya Oktoba 31, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, tena jioni yenyewe haizidi saa mbili tatu. Ukishafika nyumbani ukafungua mfuko, unakuta kitambaa chepesi cha poliesta kisichopindwa vizuri, kamba ya kufungia shingoni na kinyago ambacho lastiki yake haifiki nyumba ya tatu.

Msimamo wangu nautoa mapema: vazi la kwenye mfuko liwe la mwisho kufikiriwa. Watu hawamtambui mtoto kwa vazi zima. Wanamtambua kwa alama moja au mbili: manyoya shingoni, joho mgongoni, masikio kichwani. Nguo zilizobaki anazo tayari kabatini. Kazi yako ni kuitafuta ile alama, na alama haigharimu dola 40.

Jua kwanza mavazi yanatakiwa wapi

Wazazi wengi wageni hununua kabla ya kusoma barua ya shule. Soma barua kwanza. Shule nyingi za msingi huruhusu watoto waje wamevaa na kufanya maandamano madogo uwanjani, lakini hukataza vinyago, damu bandia na silaha za aina yoyote, hata za plastiki. Shule nyingine hazitaki Halloween kabisa, badala yake huweka siku ya kuvaa kama mhusika wa kitabu. Tena Halloween huangukia ndani ya Wiki ya Utepe Mwekundu, kampeni ya kupinga dawa za kulevya inayofanyika Oktoba 23 hadi 31, ambapo kila siku ina vazi lake: leo soksi zisizofanana, kesho pajama, keshokutwa nguo nyekundu. Mzazi asiyejua hudhani yote hayo ni Halloween na kukimbilia dukani mara nne. Hakuna hata siku moja kati ya hizo inayohitaji kununua kitu.

Uliza pia mji wako umepanga saa ngapi. Kwingi watoto huzunguka kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, na miji mingine hutangaza saa rasmi. Huko Des Moines, Iowa, kwa miaka mingi watoto walizunguka Oktoba 30 badala ya 31, na desturi ya huko ni mtoto kusimulia kichekesho kabla ya kupewa peremende. Kichekesho ni bure, na mtoto aliyelelewa na vitendawili vya bibi hatashindwa.

Makanisa nayo huandaa sherehe zao: magari hupangwa kwenye maegesho, buti zikiwa wazi zimejaa peremende, na watoto hupita gari kwa gari. Huko kwa kawaida mavazi ya mizimu na mashetani hayatakiwi. Kama mtoto atakwenda shule, kanisani na mtaani, chagua vazi moja linalokubalika kote kutatu. Ndio akiba ya kwanza hiyo. Na kama nyumbani kwenu mmeamua kwamba sherehe hii si yenu, iwe kwa msikiti au kwa kanisa, mwandikieni mwalimu mapema; walimu wamezoea, na watampa mtoto shughuli nyingine.

Ujuzi wa mitumba ulionao tayari

Hapa ndipo mtu aliyekulia Afrika Mashariki anapomzidi jirani yake Mmarekani. Maduka kama Goodwill, iliyoanzishwa Boston mwaka 1902 na mchungaji Edgar Helms, pamoja na yale ya Salvation Army, huuza nguo zilizotolewa sadaka na wenyeji. Nyingi zisizouzika hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo, na baadhi yake ndizo zinazofunguliwa kwenye masoko ya Gikomba, Karume na Owino. Kwa maneno mengine, umesimama kwenye chanzo cha mto. Jicho lile la kutambua kamera, yaani nguo bora, na kuacha fagia, yaani masalia, vidole vile vinavyojua pamba na nailoni bila kusoma lebo, vitumie hapa.

Ukiingia, usiishie kwenye reli ya Halloween iliyowekwa mbele ya mlango. Oktoba maduka haya hukusanya pale kila kitu chenye sura ya Halloween, na bei yake huwa juu kuliko ya nguo za kawaida. Nenda nyuma. Kwenye pajama utapata ovaroli za manyoya zenye masikio. Kwenye magauni ya watoto utapata yale waliyovaa mara moja tu kusindikiza bibi harusi, ambayo ni gauni la malkia yeyote unayemtaka. Kwenye nguo za michezo kuna sare za karate, jezi, sketi za kuchezea baleti. Kwenye mashuka kuna mzimu. Mikanda, kofia na mikoba ya zamani huwa pembeni, na mara nyingi ile alama tunayoitafuta imejificha hapo.

Maduka mengi ya aina hii huweka vibandiko vya rangi mbalimbali kwenye bei, na kila wiki rangi moja hupunguzwa. Muulize keshia rangi ya wiki kabla hujaanza kuchagua. Goodwill pia ina vituo ambako nguo humwagwa kwenye mapipa marefu na kuuzwa kwa uzito. Ukienda huko vaa glavu, na usimpeleke mtoto mwenye haraka.

Kwa vitu vidogo, yaani masikio, mabawa na rangi, nenda Dollar Tree. Duka hili liliacha bei yake ya dola moja mwishoni mwa 2021 na kupanda hadi dola 1.25, na siku hizi vingine hupita hapo, lakini bado linashinda maduka ya msimu. Ukitaka kuona mitindo ilivyo, maduka ya Spirit Halloween hufunguliwa kwa miezi michache tu ya mwaka kwenye majengo yaliyo wazi. Ingia, mwonyeshe mtoto, piga picha, toka. Ile picha ndiyo ramani ya kushonea.

Bure kabisa kupo pia. Mwaka 2013 akina mama wawili wa kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, walianzisha Buy Nothing, vikundi vya majirani vya kupeana vitu bila malipo, na leo vimeenea sana. Jiunge na cha mtaa wako mwanzoni mwa Oktoba, si tarehe 29. Usiandike kwamba unatafuta gauni la Elsa wa katuni. Andika umri na saizi: nina binti wa miaka sita na kijana wa miaka tisa, vazi lolote litafaa. Wenye mavazi ya mwaka jana yaliyojaa darini ni wengi, wanasubiri tu kuulizwa. Baadhi ya maktaba za umma nazo huandaa siku ya kubadilishana mavazi, kwa hiyo mkutubi aulizwe.

Kabatini kwako

Familia zetu nyingi huku zina mtu anayefanya kazi hospitalini au kwenye nyumba ya kulea wazee. Basi daktari na nesi wamo ndani tayari. Sare ya zamani ya mama ikipinduliwa mikono, ikabanwa mgongoni kwa pini na kupunguzwa urefu, inamtosha mtoto wa miaka minane. Ongeza stethoskopu ya kuchezea na kadi ya jina aliyoiandika mwenyewe. Fulana ya manjano ya usalama ya baba anayefanya kazi bohari humgeuza mtoto kuwa fundi wa ujenzi, tena ina mistari inayomulika gizani, jambo ambalo vazi la dola 35 halina.

Jezi nazo zisisahauliwe. Kama nyumbani kuna jezi ya Simba na ya Yanga, ya Gor Mahia na ya AFC Leopards, au ya TP Mazembe, una wachezaji bila kutoa senti. Jezi kubwa ya baba inapita juu ya koti la mtoto, soksi ndefu zinavutwa hadi magotini, mpira unashikwa mkononi. Ugomvi wa ndugu wa timu mbili ni sehemu ya onyesho.

Kama lazima ununue kitu kipya, nunua pajama. Pajama ya Spider-Man au ya binti mfalme huuzwa chini ya bei ya vazi la mfuko, na mtoto ataivaa kila usiku hadi Machi. Sheria ya Marekani hutaka nguo za kulalia za watoto za saizi ya zaidi ya miezi tisa hadi saizi 14 ziwe ama za kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi au za kubana mwili. Ukikaa kwenye mitaa ambako maboga huwashwa mishumaa ndani na kuwekwa ngazini, utaelewa kwa nini nalitaja hili. Joho refu la kitambaa chepesi likipita karibu na mshumaa ni hatari halisi.

Sasa nikupe vazi moja hatua kwa hatua, kwa sababu ukilijua hili unajua nusu ya mengine. Ni simba. Filamu ya The Lion King ilitoka 1994 na watoto hawajaichoka. Simba na Rafiki hawahitaji kutambulishwa nyumbani kwako. Tafuta sweta yenye kofia, ya manjano au kahawia, kubwa kiasi cha kupita juu ya koti jepesi. Chukua uzi wa kufumia wa kahawia na wa rangi ya chungwa, kata vipande virefu kama kiganja chako, kunja kila kipande katikati na kukifunga kwenye utepe, kimoja baada ya kingine, hadi utepe ujae. Utepe uwe na urefu wa ukingo wa kofia, kutoka kidevuni kuzunguka utosi hadi kidevuni tena. Ushonee kwenye ukingo kwa sindano ya mkono, hatua kubwa kubwa, ili baada ya Halloween uufumue na sweta irudi kazini. Masikio ni vipande viwili vya kitambaa kizito vilivyokatwa mviringo. Mkia ni mguu wa soksi ndefu uliojazwa vitambaa, ncha yake ikiwekewa uzi uliobaki. Badilisha rangi na masikio, una paka, dubu, sungura, popo. Mama aliyembeba mtoto mchanga kifuani akivaa sweta ya kahawia na masikio marefu huwa kangaruu, na mtoto amekaa palepale anapotakiwa kukaa.

Maboksi ya kadibodi husifiwa sana, na kweli ni bure, lakini mimi siyapendi sana. Mtoto aliyevaa boksi la roboti hawezi kukaa kwenye kiti cha darasani wala kufungwa mkanda ndani ya gari, na mvua ikinyesha roboti huyeyuka. Kama bado unalitaka boksi, likate lifike kiunoni tu na litundikwe mabegani kwa mikanda.

Mashujaa wa kwetu

Ukitaka familia nzima iwe na vazi moja bila gharama, nina pendekezo ambalo hutalikuta kwenye mfuko wowote. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, akisindikizwa na wakimbiaji 41 waliokuwa wakipokezana kumkinga na upepo. Yeye alivaa fulana nyeupe, wao nyeusi. Basi mtoto mmoja avae nyeupe na karatasi yenye jina kifuani, wengine wote na baba na mama wavae nyeusi waliyonayo, mtembee mmempanga katikati. Utepe wa kumalizia mbio ubebwe na mdogo kuliko wote. Wanariadha huvaa taitsi ndefu kwenye baridi, kwa hiyo hata Novemba ikigonga mlango mtakuwa salama.

Kwa siku ya wahusika wa vitabu, Wangari Maathai anafaa mno. Alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na vitabu vya watoto vinavyomhusu vipo kwenye maktaba nyingi za Marekani, Mama Miti kimojawapo. Gauni la kitenge, kilemba cha kitambaa hichohicho na mche ndani ya kikombe cha karatasi: binti yako amekamilika, na ana la kumwambia mwalimu.

Hapo kuna mpaka ambao nauchora makusudi. Kumvaa mtu fulani mwenye jina na kazi yake ni heshima. Kumvisha mtoto shuka na shanga ili awe "Mmasai", au manyoya ya kichwani ili awe "Mhindi Mwekundu", ni kuwageuza watu kuwa kichekesho. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio walitoa mabango ya kupinga mavazi ya namna hiyo, na tangu hapo shule nyingi zimekuwa kali. Kanzu na kofia ya babu mwache mtoto azivae Idi, si Oktoba 31. Na mtoto wetu akitaka kuwa Elsa, avae gauni la buluu na awe Elsa mweusi. Uso wa mtu haupakwi rangi ya kabila lingine, kwa upande wowote ule.

Uso, nywele na koti

Rangi za uso za bei ya chini hutengenezwa bila kufikiria ngozi nyeusi. Nyeupe hugeuka kijivu kama majivu. Buluu, dhahabu, kijani na nyekundu hukaa vizuri. Ijaribu kwenye mkono siku moja kabla, kwa sababu nyingine huwasha, na tanguliza mafuta usoni ili itoke kwa urahisi. Wigi za plastiki hazikai juu ya rasta wala mabutu makubwa, kwa hiyo ziache. Sukia nyuzi za rangi kwenye nywele zenyewe, au tumia kofia ya sweta. Binti anayevaa hijabu achaguliwe mtandio wa rangi ya vazi, na masikio au taji likae juu yake. Mwanaanga na daktari hawahitaji hata hilo.

Kinyago kinachofunika macho sikipendi. Mtoto anavuka barabara gizani akiwa na furaha na haoni pembeni, na nchini Marekani usiku wa Halloween watembea kwa miguu wengi zaidi hugongwa na kufa kuliko jioni za kawaida. Bandika tepu inayomulika mgongoni na kwenye mfuko wa peremende, mpe kila mtoto tochi, na pindo liishie juu ya vifundo vya miguu. Viatu viwe vyake vya kila siku. Lenzi za macho za rangi usinunue mtaani. Nchini Marekani ni kinyume cha sheria kuziuza bila cheti cha daktari wa macho, na zimewaharibu watu macho.

Bunduki na bastola za kuchezea zisiwemo kabisa. Novemba 2014 huko Cleveland, Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, aliuawa na polisi akiwa na bastola ya bandia kwenye bustani ya umma. Askari, mwindaji au mharamia wako atatosha kwa kofia tu.

Kisha baridi. Kule Minnesota wenyeji hununua vazi la kupita juu ya koti, na wana sababu: dhoruba ya Halloween ya 1991 ilimwaga zaidi ya sentimita 70 za theluji Minneapolis na St. Paul. Huhitaji kungoja dhoruba. Katika majimbo ya kaskazini jioni ya kawaida ya tarehe hiyo inamtetemesha mtoto, na joho zuri lililofichwa chini ya koti ni hela iliyotupwa. Chukua saizi mbili juu, au fanya koti lenyewe liwe vazi: koti jekundu kwa mdudu mwenye madoa meusi ya karatasi, koti jeupe kwa mwanaanga mwenye nembo alizochora mwenyewe.

Mfuko wa peremende usinunue. Foronya ni imara kuliko ndoo ya plastiki, na wenyeji wameitumia miaka nenda rudi.

Novemba 1 asubuhi maduka huanza kupunguza bei ya kila kilichobaki, kwanza nusu, baada ya siku chache zaidi ya nusu. Hapo ndipo vazi la mfuko linapofaa, kama bado unalitamani: lichukue kubwa kwa saizi mbili, lihifadhi na nguo za baridi. Ulichonacho cha mwaka huu kifue, kikunje pamoja na vipande vyake vyote, na kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yenu uliza nani amefika karibuni. Familia iliyotua Marekani mwezi huu haijui Halloween ni nini, na mwakani barua ya shule itawafikia kama ilivyokufikia wewe. Wapelekee mapema, kabla hawajaingia dukani.